Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Chiriku

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Barua yako nimeipata pamoja na ile sabuni ya hotelini uliyoificha ndani, na sasa droo yangu ya nyuzi inanukia kuliko mimi mwenyewe. Huku hatujambo. Mwanangu Chiriku ni mzima na anakula kama anamkomoa mtu. Juzi mteja wangu mpya alisikia jina hilo akadhani ataletewa msemaji. Alipoona binti wa miaka ishirini na mbili asiyetamka neno, akashika sare za mtoto wake akaanza kuzikagua mishono kwa aibu. Nikamwambia asijali. Baba yake alimpa jina siku ya pili baada ya kuzaliwa, kwa jinsi alivyolia, na hakujua kwamba ndiyo alikuwa anayamaliza maneno yote.

Habari ya simu usiniulize tena. Ya tatu aliitosa kwenye ndoo ya kudekia. Mlio ule unamuumiza, akiusikia anaziba masikio na kulia hadi jioni. Barua hazilii, kwa hiyo tutaandikiana kama wachumba wa zamani.

Sasa nina habari. Kwenye ukumbi wa shule, ule wenye madirisha ya vioo vilivyovunjika, kumeanza kikundi cha familia zenye watu wenye mahitaji maalumu. Tuko kaya kumi na mbili. Mkufunzi ni mama mfupi mwenye sauti ya chini sana, inabidi umsogelee. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Aliuliza tu: "Wewe ukianguka leo jikoni, nani mwingine anajua mwanao akiwa na kiu anafanyaje?" Baba mmoja mwenye mapacha akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Basi kila mmoja ameanza daftari. Unaandika kila ishara ya mtu wako na maana yake, ili mwingine yeyote akilisoma aweze kukaa naye. Chiriku akigeuza kikombe juu chini, ameshiba. Akivuta sikio, kelele zimemzidi. Akijifunika shuka kichwani, mwache. Nilidhani ana ishara nane. Nimefika sitini na moja, na bado naendelea.

Nisalimie wenzako wa kufulia.

Dada yako

13 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kweli, na nimecheka habari za ndala hadi msimamizi akaja kuangalia kama nimeungua na pasi. Miaka yote nimekuwa nikisema unahitaji watu.

Lakini niambie, hayo madaftari yanakaa wapi? Nauliza kwa sababu mwenzangu anayepiga pasi meza ya pili ana kaka ambaye hajakomaa akili. Walikuja watu nyumbani kwao wakasema ni wa mradi. Walikaa wiki kadhaa, wakajifunza anapenda nini, anaogopa nini, anaitwaje akibembelezwa. Siku moja wakaondoka naye, na majirani walimwona anawafuata anacheka. Walimpata baada ya miezi minne, mji mwingine, amekalishwa njia panda anaombeshwa. Mwenzangu huyo huwa haongei sana. Siku aliyonisimulia hakuweza kumaliza shuka lake.

Chiriku hafuati mtu asiyemjua, na hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake. Sasa unaandika ufunguo wake kwenye karatasi na kumkabidhi mgeni.

Najua sina haki ya kusema sana. Ni miaka minane sijakanyaga hapo, tangu aliponiuma gumba. Kovu bado lipo, baridi ikija linawasha. Sikukimbia kwa sababu ya damu, Dada. Nilikimbia kwa sababu aliniangalia kama hanijui. Wewe unajua nilivyompenda.

Mdogo wako

25 Februari

Kitindamimba,

Marahaba. Mwoga wewe, tangu utoto ulikuwa unachungulia chini ya kitanda mara mbili. Madaftari yanakaa ukumbini, kwenye kabati la Mkufunzi, na nakala hakuna. Yeye anasema daftari likikaa nyumbani linageuka kuwa la kuandikia madeni ya dukani.

Sasa tuko kwenye zoezi la mlango. Mama anatoka, mlango unafungwa, na mtu wa familia nyingine anabaki na mtoto kwa kufuata daftari tu, bila kuuliza. Ukirudi ukakuta mambo yameharibika, kosa si la aliyebaki, kosa ni la daftari, unakaa chini unaandika vizuri zaidi. Mimi nimepewa Fundi Viatu, yule mwenye kibanda mkabala na dirisha langu. Ana mtoto wa kiume asiyeona. Mara ya kwanza nilitoka saa mbili nzima nikazunguka soko bila kununua kitu, moyo uko mkononi. Niliporudi Chiriku alikuwa anapanga visigino vya raba kwa ukubwa, na Fundi amekaa sakafuni na daftari mapajani, jasho linamtiririka kama mtahiniwa.

Tunaongeza muda kila wiki. Mkufunzi anataka tufike siku mbili.

Na kuhusu gumba lako. Ukurasa wa mwisho wa daftari nimeandika jambo linalokuhusu wewe. Sikuandikii hapa. Siku ukija nitakuonyesha, na utacheka hadi ulie, nakujua.

Dada yako

6 Machi

Dada,

Shikamoo. Silali vizuri. Siku mbili? Mtu anayefundisha kulea anataka mama asiwepo siku mbili kwa nini? Na huyo Fundi Viatu ambaye kibanda chake kinaangalia dirisha lako, anaona unapotoka na unaporudi. Umeniambia ana mtoto asiyeona. Umemwona wewe mwenyewe huyo mtoto, au umeambiwa?

Nimemwonyesha mwenzangu wa meza ya pili barua yako. Aliisoma akairudisha akasema, "Ndivyo walivyoanza."

Tafadhali chukua daftari lako. Ukisema mimi ni mwoga nitakubali, lakini lichukue.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Usishangae mwandiko, mkono umechoka na cherehani.

Siku mbili zimepita salama. Nilikuwa na shughuli mjini. Fundi na mkewe walilala hapa kwangu, na Chiriku alikula, akaoga, akalala. Usiku wa pili alilia kidogo wakamfunika shuka kichwani, akanyamaza. Niliporudi hakunikimbilia. Aliniangalia, akaendelea na visigino vyake. Ningekuwa mama mwingine ningeumia. Mimi niliingia bafuni nikafungulia maji, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mtoto wa Fundi nimemwona, bila shaka nimemwona, ana miaka tisa na ananijua kwa mlio wa miguu. Anasema siku hizi natembea polepole. Magauni yananizidi, lakini nayapunguza mwenyewe, ndiyo faida ya kuwa mshonaji.

Nimetia sahihi karatasi kwa Mkufunzi. Inasema likitokea lolote, Fundi na mkewe wakae na Chiriku mpaka ndugu afike. Ndugu nimemwandika wewe. Usikasirike. Sikuombi uje kuishi hapa, najua una maisha yako. Nimeandika jina tu.

Dada yako

27 Machi

Kwa Ofisa wa Ustawi wa Jamii,

Mimi ni ndugu wa damu wa binti mwenye ulemavu wa akili asiyeweza kuongea. Ninaomba ofisi yako ichunguze haraka kikundi kinachokutana katika ukumbi wa shule ya eneo lenu. Kiongozi wake anakusanya madaftari yenye siri zote za watoto hawa, na anawazoesha kukaa na wageni bila wazazi wao. Wazazi wameanza kutakiwa kutia sahihi karatasi za kuwakabidhi. Dada yangu alilazimishwa kuondoka nyumbani siku mbili na hakuweza kuniambia alikuwa wapi. Mwandiko wake umebadilika. Naamini anatishwa.

Naomba jina langu lisitajwe.

Ndugu wa familia

9 Aprili

Kwa Mlalamikaji,

Barua yako ya tarehe 27 Machi imepokelewa. Ofisi imechukua hatua zifuatazo. Kikundi kimesimamishwa. Madaftari kumi na mawili yamechukuliwa kuwa vielelezo na yamepelekwa makao makuu. Wanakikundi wote wametia sahihi ahadi ya kutoingia katika nyumba ya mwenzao, wala kukaa na mtu mwenye ulemavu asiye wa familia yao, hadi uchunguzi utakapokamilika. Karatasi za makabidhiano zimefutwa.

Muda wa uchunguzi hauwezi kutajwa kwa sasa. Ofisi inakushukuru kwa uzalendo wako.

Ofisa wa Ustawi wa Jamii

12 Aprili

Kitindamimba,

Kuna mtu ametuchongea. Wamekuja watatu na gari, wakabeba madaftari yetu kwenye sanduku la kuwekea nyanya. Mkufunzi wamemhoji siku nzima, ametoka hana sauti kabisa, hata ile ndogo aliyokuwa nayo. Fundi ananipungia mkono kutoka kibandani kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Mkewe alikuja na bakuli la uji akaliacha kizingitini, akaondoka mbio kabla sijafungua.

Nimeanza daftari jipya. Nimefika ishara ya kumi na nne, mkono umekataa. Nilimwomba Chiriku aje akae karibu nimtazame nikumbuke nyingine, akaja, akaniwekea kichwa begani na nikashindwa hata kushika kalamu.

Nataka uje. Sijawahi kukuomba, sivyo? Leo nakuomba. Njoo kabla mwezi haujaisha. Usiniulize ni kwa nini, nitakuambia ukiwa umekaa kwenye kiti.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimepata likizo ya siku tano, nitafika tarehe mbili Mei. Nimenunua tiketi tayari.

Sitaki nifike nikiwa na kitu moyoni. Aliyeandika kwa ofisa ni mimi. Utanikasirikia, nikasirikie. Najua Fundi ni jirani yako, lakini hata wale waliomchukua kaka wa mwenzangu walikuwa wanaletewa chai. Bora unichukie na Chiriku awe ndani ya nyumba, mlango umefungwa, wewe uko naye. Sasa hakuna mgeni anayeweza kumsogelea. Nikilala nafikiria hilo na usingizi unakuja.

Nitakuletea sabuni.

Mdogo wako

28 Aprili

Kwa Mama Mdogo wa Chiriku,

Salaam. Hunijui, mimi ni fundi viatu niliye mkabala na nyumba ya dada yako. Pole. Sijui kuandika barua za namna hii, nitaandika kama nilivyoona.

Dada yako ametutoka siku ya Jumatano. Alikuwa na uvimbe tumboni, na alijua tangu mwanzo wa mwaka. Zile siku mbili alizosema ana shughuli mjini, alikuwa amelazwa. Mkufunzi alijua, mimi na mke wangu tulijua. Alituapisha tusikuambie. Alisema, "Mdogo wangu aliacha masomo akamwuguza mama yetu miaka mitatu. Sitamwita kuuguza tena." Alikuwa anaandaa watu wa kubaki na Chiriku, ndiyo maana alikimbizana na lile daftari kuliko sisi wote.

Jumatano saa tatu asubuhi nilimsikia Chiriku anagonga dirisha kwa mfuniko wa sufuria. Mara tatu, anapumzika, mara tatu. Hiyo ilikuwa kwenye daftari, ukurasa wa pili: mama ameanguka. Naijua kama jina langu. Nilikuwa nimetia sahihi ahadi, na waliniambia nikiivunja mwanangu naye atachukuliwa. Nikafunga kibanda nikaenda ofisini kuomba ruhusa. Ofisa alikuwa kikaoni. Nikakaa kwenye benchi. Saa nane nikarudi bila ruhusa, Chiriku bado anagonga, mkono umechubuka. Nikauvunja mlango kwa nyundo yangu. Dada yako alikuwa jikoni chini, amefunikwa shuka hadi kichwani. Chiriku ndiye aliyemfunika. Hospitali hawakusema kama tungewahi ingekuwaje, nami sikuuliza.

Tuliwaomba watuachie binti mpaka ufike. Walisema karatasi ile ilifutwa. Wamempeleka kituo cha walemavu, mwendo wa saa sita kwa basi. Alipopandishwa garini alikuwa ananitazama huku anauma gumba lake la kushoto, taratibu, bila kuumiza, kisha anatazama mlango wa gari. Anauma, anatazama. Nilisoma hilo daftari mara nyingi, na ukurasa wa mwisho una mistari miwili tu. Nakuandikia kama ulivyo: "Akiuma gumba la kushoto polepole na kutazama mlango, anamwulizia mama yake mdogo. Amefanya hivi kila siku tangu mdogo wangu aondoke."

Barua yako ya mwisho niliikuta chini ya mlango. Sikuifungua, naifunga humu. Aliyetuchongea, Mungu anamwona.

Fundi Viatu

2 Juni

Fundi,

Nimechelewa kukujibu, na ile tiketi ya Mei niliiacha ipite, kwa sababu sikuwa na uso wa kuwatazama wala sikujua niandike kwa mkono gani. Niliyewachongea ni mimi. Ile barua uliyonirudishia bila kufungua ndimo nilimokuwa nikimwambia dada hilo. Nimeandika ofisini mara nne kuomba nifute malalamiko. Wamenijibu kwamba mlalamikaji hawezi kusimamisha uchunguzi, na kwamba mpaka uishe, hakuna ndugu wala jirani wa kukabidhiwa binti. Daftari wanasema ni kielelezo, haliazimwi.

Jana waliniruhusu kumwona. Kituo ni kisafi, vitanda vimetandikwa, nimeyatazama mashuka nikaona yamepigwa pasi vizuri. Mhudumu ni dada mchangamfu, ana watu kumi na tisa peke yake. Aliniambia Chiriku hana tatizo sasa. Mwanzoni alikuwa anageuza vikombe wanamjazia tena, anamwaga, wakadhani ni mkorofi. Siku hizi hageuzi, anakunywa chochote anachopewa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, amekonda, na mikono yote miwili wamemvisha soksi nene zilizofungwa kwa kamba. "Alikuwa anajiuma gumba kutwa nzima," mhudumu alisema. "Tumemkinga."

Nilimwomba amvue soksi moja tu, ya kushoto. Akasitasita, akavua. Fundi, nilikaa mbele ya mtoto wa dada yangu, uso kwa uso, na hakuonyesha kunijua. Miaka minane ni mingi na nimenenepa. Alikunja vidole kama vimekufa ganzi. Kisha akauma gumba lake taratibu, akatazama mlango.

"Unaona?" mhudumu akasema. "Ameanza tena."

Nikamwambia hajiumi, anauliza.

"Anauliza nini?"

"Anamwulizia mama yake mdogo."

"Basi si mmwambie aje," akasema, na akaenda kumwitikia mwingine aliyekuwa analia.

Nilimwekea gumba langu kiganjani. Alilipapasa, akafika kwenye kovu, akakaa hapo hapo, kidole juu ya kovu, macho bado mlangoni. Hakutoa mkono mpaka kengele ya wageni ilipolia saa kumi. Mhudumu alirudi na soksi. Alisema huwa anapigana sana wakati wa kuvishwa, inabidi washike wawili. Jana hakupigana. Nilimshika mkono mimi, akaniachia, nikaushikilia mpaka kamba ikafungwa.

Nitaenda tena Jumapili.

Mama Mdogo wake